Kitasa cha Chumba cha Mkwe

Kitendawili. Kuna mmoja ndani ya nyumba yako, kila siku unampa mkono na hajawahi kukuuliza umelalaje. Watoto wa siku hizi wataruka waseme ni simu. Wapi! Ni kitasa cha mlango, ule mkono wake mdogo unaousukuma chini ukaendelea na shughuli zako. Hakuna anayemkumbuka mpaka asubuhi atakayokataa salamu.

Kwa Mativo na mkewe Truphena, ghorofa ya nne mtaani Mowlem, kitasa kilikataa salamu siku ambayo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kubembelezana na mlango.

Ndani ya chumba cha kulala alikuwamo mama yake Truphena, bibi Nabalayo, aliyetoka Bungoma kuja kutibiwa mtoto wa jicho. Macho yote mawili yalikuwa yamefunga ukungu. Watu aliwaona kama mtu anavyouona mti kwenye moshi. Alikuwa amemaliza kuoga kwenye karai, amevaa petikoti, kitambaa kichwani. Gauni lake la kanisani lilikuwa sebuleni kwenye msumari, kwa sababu Truphena alilipiga pasi akalisahau huko, akakimbilia hospitali ya misheni kumshikia mama yake foleni. Nabalayo alingoja nyumba itulie ili afungue kidogo, anyooshe mkono alichukue. Akapapasa mlango, akaushika mkono wa kitasa, akausukuma chini. Ukabaki kiganjani mwake kama jino bovu.

"Mayi wee!" akasema.

Alijaribu kuurudisha. Akasukuma, akavuta, akazungusha. Kile kichuma chenye pembe nne, kinachopita katikati ya kitasa na kuunganisha mkono wa ndani na wa nje, kikachomoka kikaanguka. Wapi, hakujua, maana wakati huohuo mjukuu wake sebuleni alipiga yowe la kutaka uji. Upande wa pili mkono wa nje ukalegea, ukaning'inia kama sikio la mbuzi.

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mtu mzima aliyekuwa sebuleni alikuwa mmoja tu, naye ni Mativo, mkwe wake.

Kwa Wabukusu, kwao Nabalayo, mama hamkabili mume wa binti yake. Hawapeani mikono, hawaketi chumba kimoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja hujitosa kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Na kwa Wakamba, kwao Mativo, ni vivyo hivyo. Wao huita nthoni. Koo hizo mbili zilibishana juu ya kila jambo la arusi ile, kuanzia mbuzi hadi keki, lakini hilo moja walikubaliana bila kikao.

Mjini wengi wameshayaacha. Nyumba ni ndogo, ngazi ni nyembamba, na mahindi ya kujitosa hayako. Mativo hakuyaacha. Tangu mkwe wake afike alilala kwenye kochi, miguu ikining'inia nje kama ya mzigo uliozidi gari. Uji wake alikunywa amesimama kwenye kibaraza cha ngazi. Kila alipotoka kazini, kule soko la Gikomba anakochonga vinyago, alipiga mluzi tangu ghorofa ya pili ili mama mkwe apate kuingia chumbani na kufunga. Majirani walimcheka, wakamwita Mzee wa Mluzi. Alicheka nao, na kesho yake akapiga mluzi tena.

Mlango wenyewe aliutia kwa ajili ya ugeni huo. Mpangaji aliyewatangulia aliondoka na mlango wa chumbani, mwenye nyumba akasema hilo si lake, na miaka yote Mativo na Truphena waliishi kwa pazia. Lakini utamlazaje mkwe nyuma ya pazia? Mativo akanunua mlango mkuukuu Gikomba, na kitasa kilichong'olewa kwenye mlango mwingine. Akaubeba mgongoni mpaka nyumbani, akaupachika siku ileile mgeni aliyokuwa aingie jioni. Alikuwa amekaza skurubu za upande wa sebuleni, anazunguka aende ndani akaze za upande wa chumbani, mara simu ikalia: basi lilikuwa limewahi, na mama yuko hapo chini kwenye ngazi.

Nabalayo akaingia, akatandika, akatundika nguo zake. Ikawa imekwisha. Mativo hangeweza tena kukanyaga pale penye kitanda cha mkwe wake. Truphena ndiye aliyekaza skurubu za ndani kwa ncha ya kisu cha jikoni, nusu nusu. "Nitamalizia mama akirudi nyumbani," Mativo alisema. Basi ule mkono wa ndani ukawa unacheza kila siku, unacheza, mpaka shingo yake ya bati ikachoka.

Heshima ndiyo iliyokifunga chumba kile. Kutu haikuwa na hatia.

*

"Nzembi," sauti ya Nabalayo ikatoka chumbani. "Nzembi, kukhu wako anakuita."

Kukhu ni bibi kwa Kibukusu. Nzembi, aliyekuwa na meno mawili na neno hata moja hana, aliacha kulia, akageuza kichwa.

"Nzembi, mwambie huyo aliye karibu nawe kwamba mlango umenikatalia. Mkono umekatika, na kile kichuma cha katikati kimeanguka, sijui kilipo."

Mativo alisimama na kikombe cha uji mkononi. Aliutazama mlango, kisha akayaondoa macho, akamtazama mtoto.

"Nzembi," akasema polepole, "mwambie kukhu asiogope. Mwambie baba anaangalia."

"Ba," akasema Nzembi.

"Asante, nimesikia," akajibu bibi yake.

Mativo alipiga goti mbele ya kitasa. Palipokuwa na kichuma palibaki tundu la pembe nne, dogo, jeusi. Akatia bisibisi yake. Ilikuwa nyembamba, ikazunguka bure kama kijiko kwenye chai. Vifaa vyake vingine vya kazi vilikuwa Gikomba. Akachungulia dirishani: duka la vitasa na misumari la Abdinoor, ng'ambo ya barabara, lilikuwa bado limefungwa.

Simu ikalia. Alikuwa Truphena.

"Baba Nzembi, mmefika wapi? Mama ametoka?"

"Anajitayarisha."

"Anajitayarisha nini? Ni arusi? Hawa daktari wageni ni leo tu, kisha wanaenda Turkana. Wameanza kuita majina. Ukiitwa na haupo, wanaruka. Wakiuru wa mandazi hajakuja kumchukua?"

"Yuko njiani."

"Basi mwambie mama aharakishe."

"Nitamtuma Nzembi," akasema Mativo, na mkewe, ambaye alijua namna nyumba yake inavyozungumza, akakata simu bila kushangaa.

Mativo alimfunga mtoto mgongoni kwa leso, akaketi sakafuni, akachukua kipande cha mti wa jakaranda kilichokuwa kimebaki kwenye kinyago cha twiga. Kisu cha kuchongea kilikuwa mfukoni. Mchongaji haachi kisu kazini kama vile mama haachi ufunguo sokoni. Akaanza kuchonga kichuma cha mti: pembe ya kwanza, pembe ya pili. Mabanzi yakamwagika juu ya magoti yake.

"Nzembi, mwambie baba yako nasikia anachonga."

"Nzembi, mwambie kukhu ni kweli."

Kukawa kimya. Kimya cha namna ile, baina ya watu wasioruhusiwa kuonana, ni kizito kuliko mlango. Nabalayo hakuweza kukivumilia. Alikuwa amelea watoto na wajukuu kwa vitendawili, na hofu yake yote maishani aliizoea kuipunguza hivyo.

"Nzembi! Kitendawili!"

Mtoto akapiga miguu mgongoni. Mativo akasita, kisu kikiwa hewani. Kisha akasema, "Nzembi, mwambie kukhu, tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

Mativo aliuma mdomo. Kila mtu anajua ni yai. Lakini alimfikiria yule mama, amekaa kitandani na petikoti, giza machoni na mlango umemgomea, na bado ndiye wa kwanza kuleta mchezo. Akasema, "Nzembi, mwambie kukhu, hilo limetushinda."

"Limewashinda! Basi nipeni mji."

"Nzembi, mpe kukhu mji wa kwetu, Wote."

"Wote!" Nabalayo akapiga makofi. "Nimekwenda Wote, nikapokewa na mama zake Nzembi, nikapigiwa vigelegele. Nikapikiwa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharage, nikala mpaka nikafungua mshipi. Maji yalikuwa mbali kidogo, lakini vijana wa huko wana heshima, walinichotea. Jibu ni yai, mjukuu wangu. Usisahau tena."

Mativo alicheka peke yake, kichwa kimeinama juu ya kisu. Katika miaka yote ya ndoa, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao marefu kuliko yote, na aliyekuwa akizungumza ni mtoto asiyejua kusema.

Kipande kilipokuwa tayari, alikitia kwenye tundu. Kiliingia sawasawa. Akakivalisha mkono wa nje, akasukuma chini. Kitasa kikanguruma, ulimi wake ukaanza kurudi ndani, kidogo, kidogo tena... *tak!* Jakaranda ni mti mwema kwa twiga, si kwa chuma. Kilikatika, nusu ikabaki mkononi, nusu ikabaki imeziba tundu.

*

Hapo ndipo Wakiuru alipoingia bila kubisha. Huyu ni jirani wa ghorofa ya tatu, muuza mandazi, ambaye siku hiyo aliacha biashara yake ili amshike mkono Nabalayo ampeleke hospitali, kwa kuwa mkwe hangeweza. Alimwona Mativo amepiga magoti, mtoto mgongoni, mabanzi kila mahali.

"Baba Nzembi, unaomba?"

Alipoelezwa, akashika kiuno. "Ngai! Na watu wanaitwa majina huko!" Akatoka mbio kabla hajazuiliwa, na sauti yake ikasikika ikishuka ngazi: "Willis! Willis, kuja na chuma! Shosho wa Nzembi amefungiwa!"

Willis ndiye aliyekuwa mtunzaji wa jumba lile. Alipanda na mtaimbo begani, na nyuma yake majirani wawili watatu wenye miswaki midomoni. Mlango wa Mativo ukajaa vichwa.

"Niaje, Mzee wa Mluzi," Willis akasema. "Leo mluzi umekataa?" Watu wakacheka. "Na hiyo leso imekutoa poa sana. Songa, buda. Hii ni dakika moja. Naingiza chuma hapa, naikamua, inatoka na fremu."

"Hapana," akasema Mativo.

"Hapana nini? Si ajifunike shuka. Wewe geuka huko, sisi tunabomoa, mama anatoka. Ama unaogopa mwenye nyumba? Mlango si wake."

"Hakuna mtu atavunja mlango huu."

"Kwani umeupenda? Mbao ya Gikomba?"

Watu wakacheka tena. Mativo alisimama wima, akauegemea mlango kwa mgongo, kisha akakumbuka mtoto, akageuka akauegemea kwa bega. Hakuwa mtu mkubwa. Uso ulikuwa umemtoka jasho, na leso ya mtoto ilikuwa na picha za mananasi.

"Baba Nzembi," Wakiuru akasema kwa upole, "macho ya mama yako ni muhimu kuliko mila. Mungu anaelewa."

Mativo alijua kwamba Wakiuru amesema kweli, na kwamba kweli hiyo haikutosha. Akafungua mdomo, lakini aliyesema ni Nabalayo.

"Nzembi," sauti ikatoka chumbani, si ya kunong'ona tena. "Waambie wageni wa baba yako nimewasikia, na nawashukuru. Uwaambie hivi. Leo nikipasuliwa jicho, nitarudi hapa nimefungwa bendeji, nilale siku ambazo daktari amesema, mpaka waifungue waangalie. Nitalala wapi? Mlango ukivunjwa, hapo ni njiani. Mimi sitalala njiani mbele ya mkwe wangu. Nitapanda basi leo hii na bendeji yangu, na jicho likiharibika huko, liharibike. Kwa hiyo ni afadhali nichelewe nyuma ya mlango mzima kuliko niwahi kupitia uliovunjika. Umewaambia?"

Nzembi alikuwa anatafuna ukosi wa shati la baba yake.

"Amewaambia," akasema Mativo.

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wenye miswaki aliutoa wake mdomoni. Willis aliushusha mtaimbo, akauegemeza ukutani taratibu, kama mtu anayeogopa usije ukapiga kelele.

"Sasa tufanye aje?" akauliza.

Mativo alifuta jasho. "Nzembi, mwambie kukhu tunakihitaji kile kichuma. Kiko kwake. Sisi huku hatuna."

"Nimepapasa sakafu yote, mjukuu wangu. Mpaka uvunguni."

"Mwambie kukhu, kilipoanguka kililia?"

Nabalayo alikuwa anafikiri. Chuma kikianguka kwenye saruji hulia. Yeye alisikia mtoto tu, hakusikia chuma. Basi kilianguka mahali laini. Kitandani? Kitanda kilikuwa mbali. Kwenye karai? Maji yangesema. Chini ya mlango, pale alipokuwa amesimama, palikuwa na nini? Alikuwa amevua raba zake akazipanga hapo, viatu vya kwendea hospitali. Akainama, akatia mkono kwenye kiatu cha kulia, akapata mpira mtupu. Akatia kwenye cha kushoto.

"Nzembi!" akapiga kelele kama msichana. "Kilikuwa kimevaa kiatu changu!"

*

Kilichofuata Wakiuru alikieleza baadaye kwenye kila ghorofa, na kila mara alikieleza amesimama.

Kwanza ilibidi tundu lizibuliwe. Nabalayo hakuweza kuliona. Alikuwa na sindano yake ya kufumia vitambaa vya meza, ile yenye kichwa cha ndoano, ambayo hakuiacha hata safarini. Akaliwekea tundu kidole cha mkono wa kushoto, akaipitisha sindano kando ya kidole, akasukuma. Kile kipande cha jakaranda kikateleza, kikatoka upande wa sebuleni, kikaanguka gotini pa Mativo.

"Mwambie kukhu kimetoka. Sasa atie kichuma. Atafute pembe kwanza, asikisukume mpaka pembe zikubaliane."

"Nzembi, mwambie baba yako nimechambua maharage gizani maisha yangu yote, na mahindi pia. Pembe nne hazinishindi."

Na kweli hazikumshinda. Mativo aliona ncha ya chuma ikichomoza upande wake, polepole, kama kidole cha mtu anayebisha hodi kwa adabu. Hakukigusa mara moja. Alingoja mpaka kisimame, ndipo akakivalisha mkono wa nje. Lakini alipousukuma ule mkono ukae sawa, kichuma kikarudi ndani. Akajaribu tena, kikarudi tena.

"Kinarudi kwangu," akasema Nabalayo. "Vidole vinateleza, vina sabuni."

"Mwambie kukhu akizuie kwa kitu. Mimi nasukuma, yeye azuie. Asiniachie."

Katika haraka alisema "mimi". Alilisikia neno limeshatoka. Wakiuru naye akalisikia. Nyuma ya mlango, Nabalayo aliinama, akaokota raba yake ya kushoto, akaiweka soli kwenye ncha ya chuma, akaiegemea kwa kifua chote.

"Nzembi," akasema, pumzi fupi, "mwambie, nimezuia. Asukume."

Mativo akasukuma. Mkwe wake akasukuma. Kati yao palikuwa na mbao ya Gikomba na chuma kisichozidi kidole, mmoja huku, mmoja kule, hakuna aliyemwona mwenzake, na hakuna aliyeachia. Mkono wa nje ukaingia mahali pake. Mativo akaukaza kwa skurubu, akapumua, akausukuma chini.

Kitasa kikanguruma. Ulimi ukarudi. *Kwa!*

Mlango ukawa huru.

Majirani walitaka kupiga makofi, Mativo akainua kiganja. Hakuufungua. Aliushikilia hivyohivyo, mkono wa kitasa umeshuka, akanyoosha mkono wa pili akalichukua lile gauni msumarini. Akalitundika juu ya mkono wa kitasa, akausukuma mlango upana wa ngumi moja tu, uso wake ameugeuzia ukutani. Kisha akamgeukia Willis.

"Twende," akasema. "Wanaume wote, twende chini."

Wakashuka, Willis na mtaimbo wake, wenye miswaki, na Mativo na mtoto mgongoni. Huko nyuma wakasikia mlango ukifunguka, na Wakiuru akisema, "Karibu, mama. Umependeza."

Chini kwenye lango, Willis alikaa kidogo akiupapasa mtaimbo. "Buda," akasema hatimaye, "mimi mama mkwe wangu alikuja Krismasi. Nilikuwa nimevaa kaptura." Akatikisa kichwa, akaenda kufungua maji.

*

Walipofika hospitali jina la Nabalayo lilikuwa limeshaitwa, likarukwa. Truphena alikuwa amesimama mlangoni pa daktari, amekataa kusogea, akibishana na muuguzi mpaka sauti imemkauka.

"Mama, nimekwambia, aliyerukwa amerukwa," muuguzi alikuwa anasema.

"Wa mwisho basi. Aingie wa mwisho."

"Wa mwisho ni huyu mzee, na wakati umekwisha."

Yule mzee, mtu wa Kangundo mwenye fimbo, alikuwa amesikiliza ugomvi wote. "Mlichelewa kwa nini?" akauliza.

Wakiuru ndiye aliyemjibu. Alieleza yote, amesimama, na mikono: mtoto, kichuma, raba, gauni. Foleni nzima ya vipofu ilinyamaza ikisikiliza. Alipomaliza, mzee aligonga fimbo sakafuni.

"Muuguzi, mimi ni Mkamba," akasema. "Huyo kijana sijui ni wa nani, lakini mama huyu hatarudi nyumbani hivi. Mwingize. Mimi ningoje. Na daktari akichoka, mwambie nimekaa mlangoni, atanipita wapi?"

Daktari hakuchoka. Wote wawili walipasuliwa siku hiyo.

Nabalayo alilazwa huko usiku ule, na Mativo akapata nafasi aliyokuwa ameikosa. Truphena alikunja matandiko ya mama yake, akayatoa pamoja na nguo, chumba kikabaki chumba tu. Mativo akaingia na kitasa kipya kutoka kwa Abdinoor, akakaza skurubu za nje, akazunguka akakaza za ndani, akajaribu huku na kule mpaka Truphena akamwambia mlango utalia machozi. Kisha akaing'oa ile mikono ya bati iliyokuja na kitasa, akatia mingine aliyoichonga mwenyewe kwa mpingo. Wa ndani aliupiga msasa mpaka ukawa laini kama kokwa, na kwenye ncha yake akaacha kikunjo kidogo cha kidole gumba, ili mtu mwenye bendeji ajue kwa kugusa upande wa kusukuma.

"Wa nje mbona hauna?" Truphena akauliza.

"Wa nje ni wetu. Sisi tunaona."

*

Nabalayo alirudi, akalala nyuma ya mlango wake siku alizoambiwa. Bendeji ilipofunguliwa, jicho la kwanza likaona ukuta, likaona pazia, likaona kikunjo kidogo kwenye mkono wa mpingo ambacho kidole chake kilikuwa kimeshakizoea.

Truphena alifurahi akawa kama amepagawa. "Mama, sasa toka umwone baba Nzembi! Baada ya yote hayo, bado mtakwepana? Si mlishazungumza?"

"Aliyezungumza ni Nzembi," akasema mama yake.

"Mama!"

"Mwanangu, mtu amekesha akinichongea mlango wa kujisitiri, halafu mimi niuache wazi? Itakuwa nimemshukuru nini?"

Truphena akashindwa, akaenda zake kazini.

Asubuhi ile Mativo alichelewa. Alikuwa ameketi mezani sebuleni, si kwenye kibaraza, anakunywa uji na Nzembi amemkalia gotini, akidhani mgeni bado amelala. Akasikia mkono wa kitasa ukishuka, taratibu, bila kelele. Akaruka kusimama. Uji ukamwagika mezani. Mgongo aliuelekeza mlangoni, mkono mmoja umemshika mtoto, wa pili unatafuta viatu, apate kutoka.

"Kaa, mwanangu," akasema Nabalayo. "Kunywa uji, utapoa."

Hakumtaja Nzembi.

Mativo alisimama kidogo. Kisha akaketi, akavuta kikombe, hakugeuza kichwa. Nabalayo alitoka, akapita nyuma ya kiti chake akitazama sakafu iliyofagiliwa, hatua kwa hatua, hakuhitaji kushikwa mkono. Akaenda jikoni kujimiminia wake.